Mwanga Ufuate Kazi: Hotuba Kuhusu Kushusha Taa Nyumbani

Maneno haya niliyasema mbele ya watu waliokusanyika kuzungumzia matumizi ya umeme majumbani. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wazee wangu, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nina swali kabla sijaanza, na naomba kila mmoja alijibu moyoni mwake. Jana usiku, saa tatu, taa ya sebuleni kwako ilikuwa inawaka. Ilikuwa inafanya kazi gani? Kuna aliyekuwa anasoma? Kuna aliyekuwa anashona? Au watu walikuwa wameketi tu wakizungumza, mtoto ameshasinzia kwenye kochi, na kule darini taa inamwaga mwanga wake wote kana kwamba kuna mtu anatunga uzi kwenye sindano?

Redio tumeipa kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Bomba la maji tunalifungua kidogo tunapoosha mikono, tunalifungua sana tunapojaza ndoo. Taa peke yake ndiyo tumeinyima hali ya katikati. Iwake yote au izimwe. Na kwa sababu hakuna anayetaka kukaa gizani, inawaka yote. Usiku kucha inawaka yote.

Leo nimekuja kuwaombeeni hali ya katikati. Nitasema juu ya swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mafundi wengi huiita dima. Lakini nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu dima ikifungwa mahali pake inaokoa umeme, na ikifungwa kwenye balbu isiyofaa haiokoi karibu chochote. Nimeyaona yote mawili.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 10 Oktoba 1881, jijini London, ulifunguliwa ukumbi wa maonyesho uitwao Savoy. Ulikuwa jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme, kwa balbu za Joseph Swan, zaidi ya elfu moja. Watu waliogopa. Walikuwa wamezoea taa za gesi, na umeme ulikuwa kitu kigeni. Basi mwezi Desemba mwaka uleule mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, alisimama jukwaani mbele ya watazamaji akiwa na balbu inayowaka, akaivunja, akawaonyesha kwamba hakuna moto uliozuka. Watu wakashangilia.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu watu wa maigizo walijua tangu siku zile jambo ambalo sisi majumbani tumechelewa kulijua: mwanga ni kitu cha kupimiwa. Tukio la alfajiri halitaki mwanga wa tukio la adhuhuri. Walikuwa na namna ya kuzishusha taa za jukwaani. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi namna hiyo ilikuwa kuweka kizuizi kikubwa kwenye njia ya umeme, nacho kizuizi kile kinakula umeme na kuugeuza joto. Jukwaa linaingia giza, lakini huko nyuma vifaa vinachemka. Mwanga ulipungua sana, umeme ukapungua kidogo tu.

Ikapita karibu miaka themanini. Mwaka 1959, katika nyumba ya kupanga mjini New York, kijana msomi wa fizikia, Joel Spira, aligeuza chumba kimoja kuwa karakana. Alichokitafuta ni dima ndogo inayoweza kuingia kwenye kisanduku cha kawaida cha swichi ukutani. Badala ya kizuizi kinachochemka, alitumia kipande kidogo cha silikoni kinachofanya kazi kama mlango. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni, na dima ikaingia majumbani mwa watu.

Huo mlango unafanya nini? Umeme wa nyumbani hauendi kama maji ya mto. Unakwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, mara 60 katika nyingine. Kila kwenda ni wimbi, kila kurudi ni wimbi, kwa hiyo ni mawimbi 100 au 120 kila sekunde. Dima inakata kipande cha kila wimbi. Nyingine zinakata mwanzo wa wimbi, nyingine zinakata mwisho wake. Ukigeuza kitufe unaamua kipande kiwe kikubwa au kidogo. Umeme uliokatwa hauchemshi kitu mahali pengine, hauvutwi kabisa. Hapo ndipo kuokoa kulipoanza kuwa na maana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza.

Balbu za zamani, zile zenye uzi wa tungsteni ndani, zinatoa mwanga kwa sababu uzi umechemka hadi kung'aa. Hata zikiwaka kwa nguvu zote, chini ya moja ya kumi ya umeme wake ndiyo inayogeuka kuwa mwanga. Nyingine yote ni joto. Ukiushusha umeme, uzi unapoa, na uzi uliopoa unazidi kuwa mbaya wa kutoa mwanga. Balbu ya wati 60, ukiishusha hadi nusu ya mwanga wake, bado inakula takriban wati 43. Ukiishusha hadi robo ya mwanga, inakula takriban nusu ya umeme. Robo ya mwanga kwa nusu ya umeme! Faida yake kubwa ni kwamba balbu inadumu mno, maana uzi haulishwi moto mkali. Lakini kama lengo ni kuokoa umeme, hiyo ni faida nyembamba.

Chukua balbu ya LED, yaani ile ya kisasa inayotoa mwanga kwa vipande vidogo vya kielektroniki, ya wati 9, inayotoa mwanga uleule wa ile ya wati 60. Hii haina uzi wa kuchemka. Ishushe hadi nusu ya mwanga, inakula takriban nusu ya umeme. Ishushe hadi robo, inakula kati ya wati 2 na 3. Mwanga na umeme vinashuka pamoja, bega kwa bega. Tena joto likipungua, vipuri vya ndani ya balbu vinapumua, na balbu inaishi zaidi.

Linganisheni wenyewe. Balbu ya zamani iliyoshushwa nusu: wati 43. Balbu ya LED isiyoshushwa kabisa, inayotoa mwanga mara mbili ya ile: wati 9. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nina balbu za zamani, nifunge dima?" jibu langu ni moja. Badilisha balbu kwanza. Dima baadaye. Balbu kwanza, dima baadaye. Nimelirudia kwa sababu kila nikienda mahali nakuta mtu amefanya kinyume.

Sasa naomba tufanye jaribio. Ndugu uliyekaa karibu na swichi, tafadhali zishushe taa za ukumbi taratibu. Taratibu... Ninyi mliobaki, mkiona mwanga umefika nusu ya ulivyokuwa, inueni mikono.

(Mikono mingi iliinuliwa karibu kwa pamoja, na taa zikaachwa pale pale.)

Asanteni. Hapa mkononi nina kipima mwanga. Nilipima kabla hatujaanza, na napima tena sasa. Mnadhani ni nusu? Si nusu. Tuko kwenye robo, na kidogo juu yake.

Jicho la binadamu limeumbwa kufanya kazi juani na gizani. Likikosa mwanga, mboni inatanuka, na ukuta wa nyuma ya jicho unaongeza wepesi wake wa kuhisi. Ndiyo maana watengenezaji wa taa hutumia kanuni hii: mwanga ukishushwa hadi robo kwa kipimo, jicho linaona kama nusu. Ukishushwa hadi asilimia 10 kwa kipimo, jicho linaona kama theluthi. Mnaelewa maana yake? Jicho lako linaona umepunguza nusu tu ya mwanga, na wewe, kwa balbu za LED, umeokoa karibu robo tatu ya umeme. Sijui zawadi nyingine ya namna hii ndani ya nyumba. Jokofu haliwezi kukupa. Pasi haiwezi kukupa.

Nawaomba tuziache taa hivi zilivyo, tuendelee.

Nataka kuwasimulia habari za mama yangu. Alipozeeka alianza kukaa gizani. Tukimtembelea jioni tunakuta taa imezimwa, yeye yuko kwenye kiti chake. Tukawasha. Anatuambia, "Zimeni wanangu, inaniumiza macho." Tukadhani anabana matumizi, na sisi tukamsifu! Hadi usiku mmoja alipojikwaa kwenye ukingo wa zulia akaanguka. Mungu alimsitiri, hakuvunjika.

Tulipokaa naye tukamwuliza vizuri, akatueleza. Taa ya darini ilikuwa moja, kali, na alipoketi ilimpiga usoni. Lakini akitaka kusoma, taa ileile ilikuwa haimtoshi. Kali na haitoshi, kwa wakati mmoja. Mimi sikumwelewa. Baadaye nikajifunza kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, na hapohapo mng'ao mkali humsumbua mzee kuliko kijana. Mama alikuwa anasema kweli tupu.

Tulifanya mambo mawili. Taa ya darini tukaibadilisha na kuiwekea dima, ikawa jioni inawaka kidogo, ya kumwonyesha njia na nyuso za watu. Na pembeni ya kiti chake tukaweka taa ndogo ya mezani, yenye kofia, imwangazie kitabu bila kumwangazia macho. Taa ile ilikuwa ndogo kuliko ya darini, lakini kitabu kilipata mwanga mwingi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ya umbali. Taa ikiwa umbali wa mita 2 na ukaisogeza ikawa mita 1, mwanga unaofika kwenye ukurasa unakuwa mara nne. Si mara mbili, mara nne. Kusogeza taa hakuli umeme hata chembe.

Mama alirudia kusoma. Umeme wa chumba kile ulipungua kuliko zamani, kabla hajaanza kukaa gizani. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: kukaa gizani si kuokoa umeme. Mtu akianguka kwenye ngazi, umeokoa nini? Ngazi ziachieni mwanga wake. Jikoni kwenye kisu na moto pawe na mwanga wake. Mtoto anayeandika apewe mwanga wake wote, tena wa karibu. Mwanga ufuate kazi.

Na kuna rafiki yangu mmoja ambaye tatizo lake lilikuwa jingine. Alijenga nyumba nzuri, akaniita nione. Sebuleni alikuwa amezamisha balbu 24 kwenye dari, za LED, wati 7 kila moja. Akaniambia kwa furaha, "Hizi hazili umeme." Nikamwomba tuzidishe: 24 mara 7 ni 168. Sebule aliyokulia, ya baba yake, ilikuwa na balbu moja ya zamani ya wati 60. Yeye, mwenye balbu za kisasa, alikuwa anatumia karibu mara tatu ya baba yake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kuhusu makaa ya mawe: mashine zilivyozidi kuyatumia vizuri, ndivyo nchi ilivyozidi kuyachoma. Kitu kikiwa na gharama ndogo kutumia, tunakitumia zaidi. Sikumlaumu rafiki yangu, maana dari lilipendeza kweli. Lakini fundi aliyemfungia waya alizifunga balbu zote 24 kwenye swichi moja. Ukitaka mwanga wa kutafuta ufunguo, unawasha 24.

Alirudi kwa fundi. Balbu zikagawanywa makundi matatu, kila kundi na dima yake. Siku hizi jioni za kawaida kwake linawaka kundi moja, lililoshushwa. Wageni wakija anapandisha. Tafadhali, kama unajenga, au unamjua anayejenga, mwambie kabla ukuta haujapigwa lipu: gawanya makundi. Waya ukishafukiwa, kila badiliko linakuwa nyundo na vumbi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tushike daftari. Sebule yenye balbu sita za wati 9 ni wati 54. Zikiwaka saa tano kila jioni kwa nguvu zote, ni wati-saa 270, yaani wati mara saa. Sasa tuseme saa mbili za mwanzo, watoto wanaposoma, zinawaka zote kamili: wati-saa 108. Saa tatu zinazobaki tunazishusha hadi robo, kila balbu inakula tuseme wati 3: wati-saa 54. Jumla 162. Tumeokoa 108 kila jioni, na kwa mwaka ni takriban wati-saa elfu 39, yaani kilowati-saa 39. Ni sebule moja tu, na hakuna aliyekaa gizani.

Je, hiyo ni sababu ya kufunga dima kila chumba? Hapana. Chooni unaingia dakika tatu. Swichi ya kawaida inatosha. Stoo vilevile. Chumba chenye balbu moja ndogo inayowaka nusu saa kwa siku, dima haitarudisha gharama yake kwa haraka. Ipelekeni sebuleni, chumba cha kulala, mahali pa kula, pale taa inapowaka saa nyingi na kazi inabadilika.

Chumba cha kulala kina sababu yake ya ziada. Mwanga mkali wa jioni huuzuia mwili kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na mwanga wenye ubuluu ndio unaozuia zaidi. Mzazi anayeshusha taa saa moja kabla watoto hawajalala anaokoa umeme na anawasaidia kupata usingizi.

Sasa niseme juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili msilirudie. Dima yangu ya kwanza niliinunua, nikaifunga, nikaacha balbu za LED zilezile zilizokuwapo. Nilipoishusha, taa zilianza kupepesa. Balbu moja ikawa inavuma kama mbu. Nikajiambia zitazoea. Hazikuzoea. Baada ya wiki chache moja ilikufa, na watu wa nyumbani walikuwa wakilalamika kuumwa kichwa jioni. Nilipoitoa balbu nikasoma maandishi madogo ubavuni: haifai kutumika na dima.

Si kila LED inashuka. Someni pakiti. Iandikwe wazi kwamba balbu inakubali kupunguzwa mwanga, na kama haijaandikwa, ihesabuni kuwa haikubali. Zile balbu za mirija iliyopinda nyingi hazikubali kabisa, na zina zebaki ndani, kwa hiyo zisivunjwe ovyo.

Na si kila dima inaifaa LED. Dima ya zamani ilitengenezwa kwa mizigo mizito, yaani balbu zinazokula umeme mwingi. Unaweza kukuta imeandikwa kuanzia wati 40 hadi 400. Ukiifungia balbu moja ya wati 9, haifiki hata kiwango chake cha chini, ndiyo maana inapepesa au haizimiki vizuri. Na kile kiwango cha juu kimepimwa kwa balbu za zamani. Kwa LED ni kidogo zaidi, kwa hiyo mwulizeni muuzaji au someni karatasi yake. Kwa LED mara nyingi dima inayokata mwisho wa wimbi ndiyo inayotulia. Nyingi za aina hii zina skrubu ndogo ya kuweka kikomo cha chini: shusha hadi taa inapoanza kupepesa, kisha panda kidogo, fungia hapo.

Jambo moja la hatari. Dima ya taa isifungwe kwenye feni. Nimeona mtu akifanya hivyo. Mota ya feni inavuma, inapata moto, na dima nayo inapata moto. Feni ina kidhibiti chake. Na kama hujui kazi ya waya, mwite fundi umeme. Kama unaijua, zima umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa kipimo kabla hujagusa kitu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu balbu zinazoongozwa kwa simu. Ni nzuri, zinashuka vizuri. Lakini zikizimwa kwa simu hazilali. Zinakaa macho zikisubiri amri. Balbu inayokula nusu wati ikisubiri, kwa saa 24 imekula wati-saa 12. Balbu ya wati 9 inayowaka saa nzima inakula 9. Kwa hiyo kwenye chumba kinachotumika mara chache, balbu ya aina hiyo inaweza kula zaidi ikiwa imezimwa kuliko ikiwaka. Mahali pa namna hiyo, swichi ya ukutani inayokata umeme kabisa ndiyo bora.

Nimesema mengi, na naona wengi mmejaza kurasa za madaftari yenu. Mmeandika namba, mmeandika hesabu ya sebule, mama pale mbele amechora hata makundi ya balbu. Na taa za ukumbi huu bado ziko palepale mlipoinua mikono, kwenye robo. Hakuna aliyeniomba nizipandishe.

Karibuni kwa maswali. Ndugu wa swichi, mpandishie kidogo mzee wa kiti cha tatu, taa ya upande wake tu. Ameshika karatasi yenye maandishi madogo. Mzee wangu, tuanze na wewe.